Mwaka wa Kijana Ugenini na Mfuko wa Mzazi

Kila ufikapo mwezi wa Mei na mtihani wa Kidato cha Sita ukamalizika, vijana wetu wa Unguja na Pemba huingia katika kipindi cha kusubiri. Matokeo hutoka Julai, vyuo vikuu hufunguliwa Oktoba au Novemba, na kwa kijana ambaye alama zake hazikutosha, au mkopo wake haukupatikana, kusubiri huko huweza kuchukua mwaka mzima na zaidi. Ndipo yanapozuka nyumbani mazungumzo ambayo wazazi wengi wanayafahamu. Mtoto wa miaka 18 au 19 anasema anataka kutoka, akaone nchi za watu, akajifunze lugha, arudi na kitu. Mama anaogopa. Baba anauliza nani atalipa. Na kabla jibu halijapatikana, huwa keshatokea mtu wa tatu, mwenye simu mbili na karatasi zenye mihuri, anayejua kila kitu isipokuwa jina la huyo atakayempokea mtoto huko aendako.

Jambo hili si la kuachiwa mtu huyo wa tatu. Tunaamini kwamba mwaka mmoja wa kijana ugenini, ukipangwa vyema, una faida kwake na kwa visiwa hivi. Tunaamini vilevile kwamba mzazi wa kawaida, mkulima wa Wete au mvuvi wa Kizimkazi, anaweza kuumudu mwaka huo bila ya kuuza shamba wala chombo. Masharti yake ni mawili: gharama kubwa zibebwe na yule anayempokea kijana na kumpa kazi, na matayarisho yaanze mapema, kijana akiwa bado yumo Kidato cha Tano. Kinachowakwamisha watu wetu aghalabu ni kwamba habari huwafikia wakati muda wa kuomba umeshapita, au haziwafikii kabisa.

Desturi ya kijana kusafiri kwa ajili ya kujifunza si ngeni kwetu kama inavyodhaniwa. Sayyid Ahmad bin Sumeit, aliyezaliwa Ngazija mwaka 1861 na kufariki Unguja mwaka 1925 baada ya kuwa kadhi kwa miaka mingi, alikwenda Hadhramaut kutafuta elimu, kama walivyokwenda wengi wa wakati wake. Mwanafunzi wa zama hizo hakubeba mfuko wa dhahabu. Alikula na kulala kwa wenyeji waliompokea. Huko Ujerumani, mpaka leo, baadhi ya maseremala na waashi wakishahitimu huvaa nguo zao nyeusi na kushika njia kwa miaka mitatu na siku moja, wasiukaribie mji wao kwa umbali wa kilomita 50, wakiishi kwa kazi ya mikono yao. Kwa upande wa Tanzania Bara, Jeshi la Kujenga Taifa lilipofanywa kuwa la lazima kwa wasomi, wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana mjini Dar es Salaam mwezi wa Oktoba 1966 kulipinga, na Mwalimu Nyerere akawarudisha makwao karibu wanafunzi 400. Utaratibu huo ulisitishwa mwaka 1994, ukarejeshwa mwaka 2013 kwa wanaomaliza Kidato cha Sita. Mifano hii inatofautiana kwa mengi, lakini katika yote kijana hakuwa mtalii. Alikuwa na shughuli, na shughuli hiyo ndiyo iliyomweka.

Nchi za Magharibi zilipoanza kuwatuma vijana wao kwetu, zilianza kwa nia hiyohiyo. Mwaka 1958 Alec Dickson wa Uingereza aliasisi shirika la VSO, ambalo mwanzoni liliwapeleka ng'ambo vijana wa miaka 18 waliokuwa wametoka skuli na wanangojea chuo. Haukupita muda mrefu likajitokeza swali la haki: kijana asiye na ufundi wala ualimu anakwenda kumfundisha nani, na nini? Kuanzia mwaka 1962 shirika hilo lilianza kuwachukua wahitimu wa vyuo, na hatimaye likaacha kuwatuma watoto wa skuli, likawa linatafuta watu wenye ujuzi. Hata hivyo desturi yenyewe haikufa. Ilihamia kwa makampuni ya biashara, na leo vijana wa Ulaya hulipa fedha nyingi ili waje wakae wiki chache katika vijiji vyetu vya pwani wakisomesha Kiingereza katika skuli ambazo tayari zina walimu. Wengi wao ni watoto wenye adabu na nia njema, wala hatuna ugomvi nao. Tunachotaka mzazi aone ni kwamba kuna namna mbili za mwaka wa namna hii: ule unaonunuliwa dukani, na ule ambao kijana huhitajiwa mahali kwa kazi inayojulikana. Namna ya kwanza haituhusu. Hatuna fedha zake, na hata tungekuwa nazo tungezitumia kwa jambo jingine.

Tuzitazame fedha zenyewe kwa mfano wa nchi moja. Tunaichagua Ujerumani kwa sababu taratibu zake ziko wazi, na kwa sababu uhusiano wake na visiwa hivi ni wa miaka mingi. Zanzibar iliitambua Jamhuri ya Kidemokrasia ya Ujerumani mwaka 1964, na nyumba za ghorofa za Kikwajuni na Kilimani ni ushahidi wa zama hizo. Mji wa Zanzibar na mji wa Potsdam una udugu uliotiwa saini mwaka 2017. Wageni wa Kijerumani ni miongoni mwa wale wanaokuja kwa wingi katika mahoteli yetu, na anayejua lugha yao hakosi kusikilizwa.

Tuseme basi mzazi anataka kumpeleka mwanawe Ujerumani kwa fedha zake mwenyewe, akasome lugha na kuangalia vyuo. Serikali ya huko humtaka mgeni anayekwenda kusoma aonyeshe kwamba anazo fedha za kumtosha mwaka mzima, zikiwa zimewekwa katika akaunti maalumu anayoruhusiwa kuchota kidogo kidogo kila mwezi. Tangu Septemba 2024 kiasi hicho ni yuro 11,904, yaani yuro 992 kwa mwezi. Kwa fedha zetu ni zaidi ya shilingi milioni 30. Mkulima wa Pemba ataielewa vizuri hesabu hii akiambiwa kwamba, kwa bei ambazo Shirika la ZSTC limenunulia karafuu katika miaka ya karibuni, ni zaidi ya tani mbili za karafuu kavu. Hapo bado hajanunua tiketi ya ndege wala hajalipa ada ya skuli ya lugha. Mzazi atakayeambiwa na dalali kwamba mambo yote hayo yatakwisha kwa milioni nne au tano ana haki ya kujiuliza hizo nyingine zitatoka wapi, na mtoto wake atalala wapi zisipotoka.

Njia ya pili ni ya kijana kwenda kutumikia. Serikali ya Ujerumani, kupitia wizara yake ya ushirikiano wa kiuchumi na maendeleo, ilianzisha mwaka 2008 mpango uitwao weltwärts, ambao umeshawatuma makumi ya maelfu ya vijana wa Kijerumani katika nchi za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, Tanzania ikiwemo. Kwa miaka mitano ya mwanzo safari hizo zilikuwa za upande mmoja tu. Vijana wao walikuja, vijana wetu waliwapokea, wakawasindikiza uwanja wa ndege, wakarudi vijijini. Mwaka 2013 ndipo ulipofunguliwa mlango wa upande wa pili, na vijana wa nchi za Kusini wakaanza kwenda Ujerumani kutumikia kwa mwaka mmoja chini ya sheria ya huduma ya kujitolea ya nchi hiyo, utaratibu ulioanza Julai 2011 baada ya Wajerumani kusitisha jeshi la lazima. Umri wa wanaokubaliwa ni kuanzia miaka 18 mpaka 28. Idadi ya wanaokwenda bado ni ndogo mno ikilinganishwa na ya wanaokuja, na jambo hili tutalirudia.

Kijana aliyekubaliwa katika mpango huo hapewi mshahara, na ni muhimu aelewe hivyo tangu mwanzo. Anapata nauli ya kwenda na kurudi, mahali pa kulala, chakula, bima ya matibabu na fedha kidogo za mfukoni. Anafanya kazi ya siku nzima katika skuli ya chekechea, nyumba ya wazee, karakana ya watu wenye ulemavu, shamba au taasisi ya kuhifadhi mazingira, na katika mwaka huo anahudhuria siku 25 za semina. Mkataba wa taasisi inayompokea ndio unaoonyesha kwamba atakula, atalala na atatibiwa. Kinachobaki juu ya mzazi ni pasipoti, ambayo tangu ilipoanza kutolewa ile ya kielektroniki mwaka 2018 ada yake ilipangwa shilingi 150,000, safari za kwenda na kurudi Dar es Salaam kwa ajili ya ubalozi, nguo za baridi, na mara nyingine masomo ya mwanzo ya lugha. Familia nyingi za kipato cha kawaida zinaweza kuyakusanya hayo kidogo kidogo kwa mwaka mmoja na nusu. Haziwezi kuyakusanya kwa wiki tatu, na ndipo dalali anapopata pa kuingilia.

Maombi ya mpango huo hayapelekwi ubalozini, wala hayapelekwi wizarani huko Berlin. Hupitia taasisi ya hapa nchini yenye ushirikiano na taasisi ya Ujerumani: skuli, jumuiya, hospitali, kanisa, kituo cha vijana. Kijana asiyeijua taasisi hiyo hana pa kuanzia, hata angekuwa wa kwanza katika mtihani. Hii ndiyo sababu nafasi hizi huwaendea watoto wa wale wanaofahamiana na wageni, wengi wao wakiwa wa mjini, ilhali kijana wa Micheweni au Makunduchi husikia habari zake wakati mwenzake ameshapiga picha kwenye theluji. Hatusemi kwamba kuna hila. Habari hupita pale palipo na njia, na kwa wengi njia haijachimbwa.

Sasa tuiangalie kalenda, kwani matarajio mengi huvunjikia hapo. Taasisi nyingi za Ujerumani huanza mwaka wao wa huduma Agosti au Septemba, na baadhi huwapokea vijana wa nchi za Kusini Machi au Aprili. Uteuzi hufanywa miezi mingi kabla ya hapo. Kisha kuna masomo ya lugha, ambayo ngazi yake ya kwanza humchukua kijana mwenye bidii miezi mitatu au minne, na Taasisi ya Goethe iko Dar es Salaam, haiko Unguja wala Pemba. Kisha miadi ya ubalozi na kungojea viza. Kijana anayeanza kuuliza siku matokeo ya Julai yanapotoka ameshachelewa kwa mwaka ule. Anayeanza kuuliza akiwa Kidato cha Tano, akajifunza maneno ya mwanzo ya lugha katika likizo, akatayarisha cheti cha kuzaliwa na pasipoti, na akaomba kabla ya kuingia chumba cha mtihani, huyo anaweza kuondoka mwaka unaofuata. Na ile miezi ya katikati asiikae barazani. Kuna skuli za chekechea na vituo vya watoto wenye ulemavu hapahapa Zanzibar vinavyohitaji mikono, na hakuna barua ya sifa inayomfaa mwombaji kuliko ya mwalimu mkuu anayesema kwamba kijana huyu amefanya kazi kwangu miezi sita na hakukosa siku.

Lipo suala la chuo, ambalo wazazi hulisahau. Kijana aliyekwisha kupata nafasi ya chuo kikuu asiondoke kwa kudhani kwamba kiti chake kitamngojea. Aombe kuahirisha kwa maandishi, ajibiwe kwa maandishi, na aulize katika Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu kama ombi lake la mkopo litakuwa hai atakaporudi au itabidi aombe upya. Majibu ya mdomo kupitia dirishani hayatoshi. Na kwa kijana ambaye ameshapata chuo na mkopo kwa pamoja, maoni yetu ni kwamba asome kwanza. Umri wa mpango unafika miaka 28. Chuo kikimalizika, safari bado ipo.

Watu watauliza: mbona Oman haitajwi, nako ndiko waliko ndugu zetu? Kijana anayekwenda Muscat kwa ami yake, akae nyumbani kwao na asome Kiarabu katika taasisi inayojulikana, amepata mwaka mzuri pengine kuliko wa Berlin, na kwa gharama ndogo. Hilo ni jambo la familia na lina heri yake. Lakini katika miaka hii neno "safari" limetumika kufunika jambo jingine, la wasichana waliokwishatoka skuli kuchukuliwa kwa ahadi ya kazi nyepesi na masomo, wakajikuta katika kazi za ndani zisizokuwa na mwisho wa siku. Mwezi wa Novemba 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti juu ya wanawake wa Kitanzania waliofanya kazi za ndani Oman na Umoja wa Falme za Kiarabu, na humo wamo walioeleza kuwa walinyang'anywa pasipoti, wakafanya kazi kupindukia na kunyimwa ujira. Wapo pia waliokwenda na kutendewa wema, na fedha zao zimejenga nyumba hapa. Kazi ni kazi, na anayeitaka aingie akijua kwamba ni kazi, kwa mkataba uliopitia serikalini. Mzazi asikubali tu kuuziwa kazi ya ndani kwa jina la mwaka wa kujifunza.

Tofauti ya mambo hayo mawili inaweza kupimwa kabla ya kuondoka, kwa maswali ambayo hata babu asiyejua kusoma anaweza kuyauliza. Anayempokea mtoto ni nani, na anaweza kuzungumza nasi kwa simu kabla ya safari? Pasipoti itakaa kwa nani? Mtoto akiugua, analipa nani? Akitaka kurudi katikati ya mwaka, tiketi iko wapi? Na wewe unayetuletea habari hii, unalipwa na nani? Taasisi ya kweli huwa na majibu ya maswali haya kwa maandishi na haioni haya kuulizwa. Dalali hukasirika, husema nafasi zimebaki mbili, hutaja jina la kijana wa mtaa wa pili aliyekwishalipa. Mzazi akiona hasira, arudishe fedha zake mfukoni. Na kwa mtoto ambaye hajatimia miaka 18, ambaye kwa Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ya mwaka 2011 bado ni mtoto, sisi hatuoni haja ya haraka. Akae amalize skuli.

Kuna wazazi ambao Ulaya yenyewe ndiyo hofu yao, khasa kwa mtoto wa kike. Hofu hiyo haifai kudharauliwa wala kufichwa kwa maneno matamu. Kijana atakwenda mahali ambako mwezi wa Disemba jua huzama karibu saa kumi alasiri, na mwezi wa Juni halizami mpaka usiku wa saa tatu na nusu. Atakayefunga na kusali itambidi ajifunze saa upya. Atakuta nyama asiyoweza kuila, na itambidi aseme mapema, kwa adabu, siku ya kwanza, kwani wenyeji wengi hupika kwa kujali pindi wanapoambiwa. Atakuwa mpweke. Wazee atakaowahudumia watakuwa na watoto wao walio hai wanaofika Jumapili kwa saa moja, naye atashangaa, na mshangao huo una thamani yake katika elimu ya mtu. Ni bora ayajue haya akiwa kwao. Kijana asiyepata kufua nguo zake mwenyewe au kulala nje ya nyumba yao hata wiki moja hafai kuanzia Hamburg. Na aanzie Chake Chake kwa shangazi.

Wala si lazima nchi ya ugenini iwe mbali. Wapo watakaocheka kusikia Moroni, Mombasa na Kampala zikitajwa pamoja na Berlin, na kicheko hicho ni sehemu ya tatizo. Soko la Pamoja la Afrika Mashariki lilianza kutumika Julai 2010, na Mtanzania anaingia Kenya na Uganda bila ya viza. Kwa kijana wa Pemba, Mombasa iko karibu kuliko Mwanza. Moroni kuna Kifaransa na Kiarabu, lugha zote mbili zikiwa rasmi, na familia zetu nyingi zina jamaa huko wa kumpokea mtoto. Kijana anayekaa mwaka mmoja Ngazija akajifunza Kifaransa na kazi ya mkono atarudi na kitu kinachotafutwa katika kila hoteli kuanzia Nungwi mpaka Paje, na gharama yake haikaribii hata kidogo ile ya akaunti ya yuro 11,904. Wanorwe nao wameliona jambo hili. Shirika lao la Fredskorpset, lililoanzishwa mwaka 1963 kuwatuma Wanorwe nje, lilibadilishwa mwaka 2000 likawa la kubadilishana, vijana wakienda pande zote mbili na hata baina ya nchi za Kusini zenyewe. Sasa linaitwa Norec, na Tanzania ni miongoni mwa nchi zilizoshiriki. Hapo pia maombi hupitia taasisi iliyoingia ushirikiano, na taasisi ndiyo inayobeba gharama.

Tumesema tutalirudia suala la idadi, na hapa maneno yetu yanawahusu zaidi viongozi. Zipo skuli, hospitali na jumuiya katika visiwa hivi ambazo kwa miaka mingi zimewapokea vijana wa kujitolea kutoka Ulaya. Zimewapa vyumba, zimewafundisha Kiswahili, zimewavumilia. Skuli moja inayompokea kijana wa Kijerumani kila mwaka kwa miaka kumi imeshatoa miaka kumi ya ukarimu, na katika miaka hiyo pengine haikupata kuuliza kama kuna nafasi moja ya kijana wa kijiji kile kwenda upande wa pili. Ni lazima iulize, kwa sababu mpango wenyewe unaruhusu, na taasisi za huko ambazo zimeshazoeana na skuli zetu ndizo zilizo na sifa ya kuwapokea vijana wetu. Mwalimu mkuu akiandika barua peke yake atajibiwa kwa heshima na jambo litakwisha hapo. Barua hiyo ikiwa na sahihi ya Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali, na ikawa sehemu ya mazungumzo ya kila mwaka wakati vibali vya kuwapokea wageni vinapohuishwa, majibu yatakuwa mengine. Udugu wa Zanzibar na Potsdam nao usiishie katika ziara za wakubwa.

Gharama ya jambo hili kwa serikali ni ndogo kuliko ya semina moja ya hotelini. Inatakiwa orodha ya taasisi zote za Unguja na Pemba zinazowapokea vijana wa nje, pamoja na washirika wao. Orodha hiyo ibandikwe kila mwezi wa Agosti katika skuli zote zenye Kidato cha Tano, na nakala zipelekwe kwa masheha, ili mzazi asiyekuwa na simu ya kisasa apate kuisoma au kusomewa. Baraza la Vijana lina watu wake mpaka chini. Kazi kama hii ndiyo inayolifaa. Darasa la lugha la miezi minne, Kijerumani au Kifaransa, linaweza kufanywa katika skuli moja ya Chake Chake na moja ya mjini Unguja wakati wa jioni, na wapo wanaoweza kulisomesha, wakiwemo vijana waliokwishakwenda na kurudi.

Kuhusu wasiorudi, tumesikia ikisemwa kwamba mipango hii inatupotezea vijana. Ni kweli kwamba baadhi yao, mwaka ukimalizika, hupata nafasi ya kujifunza uuguzi au ufundi kulekule na kubaki. Hatuoni kwamba huo ni wizi, maadamu wamefuata sheria ya nchi ile na kwao wanakukumbuka. Wanaotutia wasiwasi zaidi ni wale wanaorudi. Kijana anarudi baada ya mwaka wa kuwahudumia watoto wenye ulemavu, ana lugha, ana barua ya sifa, kisha anakuta kwamba hakuna ofisi inayojua kama aliondoka. Jina lake lingekuwa katika daftari la wilaya, hoteli inayotafuta mtu wa mapokezi, hospitali inayotafuta mkalimani, au skuli inayotafuta mwalimu wa darasa lile la jioni, zingejua pa kumpata. Daftari kama hilo ni kitabu cha mistari cha shilingi elfu chache, na afisa wa vijana wa wilaya anaweza kulifungua wiki hii, kabla vijana wa Kidato cha Tano wa mwaka huu hawajaingia Kidato cha Sita.